Silikoni, Vumbi na Subira: Maneno Machache Juu ya Uvujaji wa Oili

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwanachama mwenzetu, fundi wa magari mwenye gereji hapa Dodoma, aliyoyatoa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tumeyachapa kwa ombi la wanachama waliosafiri kutoka Singida, Kondoa na Mpwapwa, ambao hawakuwahi kunukuu. – Mhariri)



Wenzangu waliotangulia wamezungumza juu ya sheria, kilimo cha zabibu na afya ya wazee. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu, nami nimeona afadhali nichague jambo moja dogo nilimalize, kuliko kugusa mengi na kuyaacha yananing'inia. Jambo lenyewe ni namna ya kuziba sampo ya injini kwa silikoni.

Naona baadhi yenu mnatabasamu. Mnajiuliza, mtu aliyesoma na mawakili na madaktari anakuja kutueleza habari za gundi? Naomba mnivumilie. Nimetembea uwanjani asubuhi hii kabla ya mkutano kuanza, nikainama chini ya magari yaliyoegeshwa penye kivuli. Sitataja namba za magari hayo. Nasema tu kwamba watu saba humu ukumbini, wakirudi uwanjani, watakuta madoa meusi ardhini, na madoa hayo hayakuletwa na mvua.

Ndugu zangu, methali ya wazee mnaijua: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo nataka kuongeza kidogo juu ya methali hiyo. Ufa ukizibwa vibaya unaweza kukujengesha ukuta wa gharama kubwa kuliko ufa ulioachwa wazi.

Mwaka 2019 mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje, alipata taarifa ya msiba Singida. Gari lake, Toyota Noah, lilikuwa likivuja oili kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Akaona si vizuri kusafiri hivyo, akalipeleka kwa fundi mmoja saa 4 asubuhi akasema, "Nalitaka saa 9, nina msiba." Fundi akafungua sampo, akaifuta kwa kitambaa, akapaka silikoni nene pande zote mbili, akafunga, akamimina oili papo hapo. Saa 9 gari likatoka, kavu kabisa chini. Mwenzetu akafurahi, akaongeza na pesa ya soda.

Baada ya kupita Kintinku, akiwa anaupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, taa nyekundu ya oili ikawaka. Akasimama, akapima oili kwa kijiti, akakuta imejaa. Akasema moyoni kwamba bila shaka ni waya umeguswa kule gereji. Akaendelea. Hakufika Manyoni. Injini ilinoki, gari likalala porini, na maziko yakapita yeye akiwa bado anatafuta wa kumvuta.

Gari liliponifikia tulifungua sampo. Ndani ya oili mlikuwa na vipande vya silikoni vyenye umbo la tambi, na mdomo wa pampu ya oili, ambao una wavu wa kuchuja, ulikuwa umefunikwa na tambi hizo. Oili ilikuwepo tele, ila haikuweza kupanda. Injini ile ilikufa kwa kiu huku imekaa juu ya kisima.

Je, alaumiwe nani? Wengi mtasema fundi. Mimi nasema fundi ana lake, lakini na saa 9 ina lake. Kazi ile haiwezekani kufanywa sawasawa kati ya saa 4 na saa 9, hasa hapa kwetu, na sababu zake ndizo nitakazozieleza.

Kwanza niseme kwamba nchi yetu hii ya kati ina historia ndefu ya kuua mitambo. Hapo Kongwa, kuanzia mwaka 1947, Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa karanga. Walileta trekta nyingi, zikiwamo za mitumba zilizobaki baada ya vita, nyingine kutoka mbali kama Ufilipino. Kabla ya mwaka ule kwisha, sehemu kubwa ya trekta hizo zilikuwa zimelala. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na mchanga wake hula chuma. Vipuri vilichelewa, mafundi walikuwa wachache, na waendeshaji wengi walikabidhiwa mitambo kabla ya kufundishwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua ikiwa mojawapo, lakini sisi mafundi tunajifunza moja: haraka ya kupata mazao ilitangulia matengenezo ya mitambo.

Leo magari ni mengi kuliko wakati wowote. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini wimbi lenyewe la kuhamia tumeliona tangu mwaka 2016. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 2024. Hata hivyo, ukishuka kwenye treni na kwenu ni ndani ya Chemba au Mpwapwa vijijini, bado roho yako iko mikononi mwa injini. Na jenereta ya zahanati na mashine ya kusaga ya kijijini nazo ni injini. Haya nitakayosema yanazihusu pia.

Sasa tuingie kazini. Sampo ni bakuli lililo chini kabisa ya injini, ndilo ghala la oili. Pampu huvuta oili kutoka humo, huipitisha kwenye filta, huipeleka kwenye beringi za krenki na sehemu nyingine, kisha oili hurudi yenyewe chini. Bakuli hilo limefungwa kwa bolti ndogo nyingi, na kati ya ukingo wake na injini lazima kuwe na kitu cha kuziba. Zamani kilikuwa gasketi ya koki au karatasi ngumu. Land Rover zetu za zamani zilifungwa hivyo. Siku hizi injini nyingi, hasa za Kijapani, hutoka kiwandani zikiwa na silikoni peke yake. Kuna nyingine zenye gasketi ya mpira iliyotengenezwa kufungwa kavu; hiyo ukiipaka silikoni inateleza na kutoka mahali pake unapokaza. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi liwe: injini hii ilitengenezwa ifungwe kwa nini?

Swali la pili ni la muhimu zaidi: je, ni sampo kweli inayovuja? Oili ni kama maji, hushuka. Gasketi ya kifuniko cha valvu, kule juu kabisa, ikivuja, oili huteremka ubavuni mwa injini na kudondokea kwenye ukingo wa sampo, na sampo ikasingiziwa. Kadhalika sili za krenki, ya mbele na ya nyuma, kadhalika filta isiyokazwa vizuri, na swichi ya taa ya oili. Nimepokea magari yaliyofunguliwa sampo mara tatu kwa kosa la kifuniko cha valvu.

Dawa yake ni rahisi. Osha injini, ikaushe vizuri, kisha endesha siku moja au mbili. Hapa Dodoma tuna msaidizi ambaye watu wa pwani hawanaye sana, nalo ni vumbi. Vumbi hushika palipo na oili tu. Ukichungulia kwa tochi utaona njia nyeusi. Ifuate kwenda juu mpaka inapoanzia. Penye mwanzo wa njia ndipo penye ugonjwa. Asiye na vumbi la kutosha anaweza kunyunyiza unga kidogo wa ngano au poda ya mtoto kwenye ukingo uliokauka.

Chunguza pia bomba la kupumulia la injini. Injini inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka chini. Gesi hiyo imewekewa njia ya kutokea. Njia hiyo ikiziba kwa uchafu, shinikizo hujengeka ndani, na oili husukumwa nje kupitia mahali popote palipo dhaifu. Ukiziba sampo bila kuzibua bomba hilo, oili itahamia kwenye sili ya krenki. Umemfukuza mwizi mlangoni, naye ameingia kwa dirishani.

Na si kila unyevu ni uvujaji wa kufungulia injini. Sisi hutofautisha jasho na tone. Jasho ni pale ukingo unapokuwa na unyevu wa oili na vumbi, lakini hapadondoki kitu. Hilo liache, pima oili kila wiki gari likiwa mahali tambarare, basi. Tone ni jambo jingine. Tufanye hesabu kidogo, maana walimu wetu wa hesabu wapo hapa. Matone 20 ni takriban mililita 1. Endapo gari linadondosha tone moja kila sekunde 10, hayo ni matone 360 kwa saa, yaani mililita 18. Likilala saa 10, limepoteza mililita 180. Usiku sita, umepita lita moja. Na katika magari mengi madogo lita moja ndiyo tofauti, takriban, ya alama ya juu na alama ya chini katika kijiti cha kupimia. Wiki moja tu, bila hata kusafiri!

Tuseme basi umehakikisha ni sampo. Silikoni yenyewe ni kitu gani? Waliosoma kemia watakumbuka elementi ya silikoni. Inapatikana katika mchanga, na mchanga ukisafishwa na kupitishwa katika hatua nyingi viwandani hutoa mpira huu laini. Biashara yake ilianza kukua wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Dow Corning iliundwa Marekani mwaka 1943 kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mchanga ule ule unaokula injini zetu ndio asili ya dawa ya kuzizibia.

Lakini sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Watu husema silikoni "inakauka". Haikauki. Matope ya ukuta wa tembe hukauka: maji yanatoka, udongo unabaki mgumu. Silikoni ya kwenye mrija hufanya kinyume chake: inavuta unyevu kutoka hewani, inaungana nao, ndipo inageuka kuwa mpira. Matope hukomaa kwa kupoteza maji, silikoni hukomaa kwa kuyapokea. Sasa fikirini. Dar es Salaam hewa imejaa unyevu mwaka mzima. Hapa Dodoma tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Siku ambayo tembe inakauka upesi, ndiyo siku ambayo silikoni inachelewa. Usiku wa Julai baridi nayo inaongeza ucheleweshaji. Fundi aliyejifunza kazi Kariakoo akihamia huku na saa zake za Kariakoo, atamwaga oili kabla dawa haijashika.

Na kuna jambo jingine. Unyevu huingia kutokea nje kwenda ndani. Silikoni iliyo wazi hufanya ngozi juu katika muda wa dakika kama 10 hivi, na mtu akiigusa hudhani imekwisha kuwa tayari. Kumbe chini ya ngozi bado ni ugali. Kwa kawaida hukomaa milimita 2 hivi, au 3, kwa siku nzima. Kwa hiyo anayepaka nene akidhani anaimarisha, anarefusha muda wa kukomaa na kuongeza kinachoweza kukatika.

Aina ya silikoni nayo ichaguliwe. Ile nyeupe au isiyo na rangi, ya kuzibia madirisha na masinki, si ya injini, oili huilainisha. Iliyo na harufu kali ya siki hutoa asidi inapokomaa, na asidi hiyo si rafiki wa chuma wala wa vifaa vya umeme vya gari. Tafuteni iliyoandikwa kwamba inahimili oili na ni salama kwa vihisi vya injini. Rangi isiwe ndiyo hoja, kwa sababu kila kiwanda kina utaratibu wake wa rangi, someni maandishi. Na muangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu mrija uliokaa dukani juani miaka mingi huharibika.

Sasa kazi yenyewe, kwa mpangilio.

La kwanza, simamisha gari juu ya stendi imara. Jeki peke yake isiaminiwe hata kidogo. Jeki huinua, haishikilii. Mwaga oili ikiwa na uvuguvugu ili ishuke yote.

La pili, fungua bolti zote, kisha tenganisha sampo kwa kisu chembamba kinachopigwa taratibu kwenye maungio, au kwa nyundo ya mpira ubavuni. Bisibisi ni mwiko. Ukiipenyeza na kuikandamiza, unapinda ukingo wa sampo au unachimba shimo katika alumini ya injini, na shimo hilo hakuna silikoni itakayolisamehe.

La tatu, kagua ukingo. Ulaze sampo juu ya kioo au meza iliyonyooka. Mara nyingi utaona kwamba pale penye matundu ya bolti ukingo umevutwa na kufanya kibonde, kwa sababu mtu aliyetangulia alikaza kwa hasira. Unyooshe kwa nyundo ndogo ukiwa umeweka kipande cha mti chini. Osha sampo ndani, na kagua wavu wa pampu ya oili. Hii ndiyo nafasi yako ya kuuona.

La nne ni usafi, na hapa ndipo penye theluthi mbili za kazi nzima. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani, wala juu ya oili. Kwangua mabaki yote, upande wa sampo na upande wa injini, kwa kifaa cha plastiki au cha mti penye alumini. Futa kwa kitambaa safi chenye spiriti au dawa ya kusafishia breki. Mafuta ya taa hayafai kwa mkono wa mwisho, yanaacha utando. Matundu ya bolti nayo yasafishwe. Walimu wetu walikuwa wakikagua bweni kwa kupitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Fundi naye apitishe kitambaa cheupe ukingoni. Kikitoka na weusi, arudie.

Lakini injini iliyofunguliwa huendelea kudondosha oili kutoka juu kwa saa nyingi. Utafuta sasa, baada ya dakika tano tone limeteremka tena ukingoni. Kwa hiyo mimi hufungua sampo jioni, naacha injini ijikamue usiku kucha, nafunga asubuhi. Hilo pekee linatosha kuonyesha kwa nini saa 4 mpaka saa 9 haiwezekani.

La tano, tuliza vumbi. Mwagia maji sakafu ya gereji, funga mlango wa upande wa upepo. Agosti upepo wetu ukivuma, chembe za mchanga zikitua kwenye silikoni mbichi ni njia ya oili tayari. Maji hayo ya sakafuni yanaongeza pia unyevu hewani, na silikoni inashukuru. Ila ukingo wenyewe uwe mkavu.

La sita, paka. Weka mstari mmoja usiokatika, upande mmoja tu, wa unene wa milimita 3 hadi 5 hivi kama vitabu vingi vya Toyota vinavyoagiza. Mstari upite upande wa ndani wa kila tundu la bolti, kwa sababu oili hupenda kutokea kwenye uzi wa bolti. Katika pembe ambazo vipande viwili vya injini vinakutana, kama vile kifuniko cha mbele kinapoungana na injini, ongeza tone moja. Basi. Ukikaza, silikoni iliyozidi lazima iende mahali: nusu itatoka nje, na nusu itaingia ndani. Ile ya nje mnaiona na mnasifu kazi. Ya ndani ndiyo ile tambi niliyowaeleza.

La saba, funga upesi. Hapa tu ndipo haraka inaporuhusiwa: vitabu vingi hutoa dakika 3 hadi 5 tangu kupaka mpaka kufunga. Kwa hiyo bolti zote ziwe zimeoshwa na kupangwa tayari. Inua sampo wima, usiisogeze huku na huku. Shika bolti zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kukingamisha, kwa awamu mbili. Bolti za kichwa cha 10 ni ndogo. Nyingi hazitaki zaidi ya Nyutoni-mita 8 hadi 10, nanyi fuateni kitabu cha gari husika. Spana ya kupimia mkazo si anasa. Anayekaza mpaka uso unakunjamana anaikamua silikoni yote itoke, ukingo unabaki chuma kwa chuma.

La nane, subiri. Vitabu vingi vinasema usimimine oili kabla ya angalau saa 2. Hicho ni kiwango cha chini. Mimi, hapa Dodoma, wakati wa kiangazi, nalilaza gari siku nzima. Na baada ya silikoni kukomaa usirudie kukaza bolti, kwa maana unavunja mpira uliokwisha kushika.

La tisa, weka filta mpya na oili mpya, washa injini, angalia taa ya oili izimike upesi, iache ingurume mpaka ipate moto, kisha chungulia chini. Kesho yake chungulia tena. Na siku yoyote taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini palepale ilipo. Kijiti cha kupimia kinaonyesha kiasi cha oili kilichomo kwenye bakuli. Taa inaonyesha kama oili inafika inakohitajika. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mwenye kuyachanganya hununua injini nyingine.

Nina neno moja juu ya oili chafu. Wengi huimwaga nyuma ya gereji au hupaka miti ya ua kuzuia mchwa. Ndugu zangu, mji huu kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima vya Makutupora, maji ya chini ya ardhi. Tunachokimwaga juu, hatuna hakika kitaishia kikombe cha nani. Kusanyeni oili chafu katika pipa na mwape wanaoinunua kwa matumizi ya viwandani.

Sasa nimalizie kwa yale yanayotuhusu sisi tuliomo humu, ambao wengi wetu hatutashika spana. Vijana wa gereji wengi hawakupata chuo. VETA ipo tangu mwaka 1994 na imesaidia, lakini bado vijana wengi hujifunza kwa kutazama. Wanachokitazama ni kile ambacho sisi wateja tunakilipia. Tukilipia haraka, watajifunza haraka. Mteja akija na kusema, "Maliza leo, nina kikao kesho," kijana anajua hatua sahihi ni ipi, au ameisikia, lakini anaiacha kwa kuogopa kwamba utakwenda kwa jirani. Halafu gari likifa tunasema mafundi wa siku hizi wabovu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mkipeleka gari kuzibwa sampo, peleka jioni na mpe fundi usiku mmoja na siku moja inayofuata. Mlipieni kwa siku mbili, msimlipe kwa ukubwa wa mrija wa silikoni. Na mkiwa na safari ya dharura, kama msiba, huku gari linadondosha, basi heri mnunue lita mbili za oili, mziweke nyuma, msafiri mkipima kila baada ya kilomita 50 na kuongeza, kuliko kufungua sampo kwa pupa. Singida ni kilomita zipatazo 240. Oili ya kuongeza njiani ni gharama ndogo. Mkirudi salama, ndipo mlilaze gari kwa fundi.

Ndugu Mwenyekiti, wakati wangu umekwisha, na naona wapishi wanachungulia dirishani. Wenye maswali nitakuwa chini ya mwembe baada ya chakula, na nimekuja na tochi. Wale saba ninaowafahamu wasione haya, waje tukachungulie pamoja.